Siku Nilipompita Baba Mkwe Bila Kushuka

Nilipokuwa wodini nilimtafuta mtu wa aina moja tu: aliyewahi kuugua malale, ule ugonjwa wa usingizi, akapona, akarudi kazini kwake. Wagonjwa wenzangu walikuwepo, wauguzi walikuwepo, lakini mtu huyo hakuwepo, kwa sababu anayepona huenda zake na hana hamu ya kurudi kupiga hodi kule. Basi nimeandika haya ili mtu huyo niwe mimi. Nimeyaandika upya mara nyingi na sentensi nyingine bado hazijanyooka. Mniwie radhi. Mimi ni fundi cherehani, na mshono uliopinda hunikosesha raha hata ukiwa upande wa ndani usioonekana na mtu.

Ufundi huo sikufundishwa na mtu. Nilifumua suruali kuukuu za marehemu baba, nikatazama vipande vilivyokaa, nikazishona tena. Kiswahili nacho nilikiokota hivyo hivyo, dukani na magazetini, maana nyumbani kwetu tunasema Kiha. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na hofu fulani: anadhani siku yoyote watakuja waliosomeshwa wamwambie kwamba yote aliyoyajua ni makosa. Mimi hofu hiyo nilikuwa nayo kabla ya ugonjwa. Ugonjwa uliikuta imeshatandika mkeka.

Kazi yangu ilikuwa Kibondo mjini, barazani kwa Bwana Salumu, mwenye duka la vitambaa. Kabla ya kuhamia kijiji cha ujamaa niliweza kwenda kwa miguu. Tulipohamishwa, kati ya nyumba yangu mpya na mji likaingia pori refu la miyombo, nikanunua baiskeli ya Kichina. Kila asubuhi niliondoka umande ungali kwenye majani, suruali nimeibana kifundoni kwa mpira isiliwe na mnyororo, viazi vya mchana vimefungwa kwenye keria. Jioni nilirudi kwa njia hiyo hiyo. Niliipenda safari ile. Juu ya baiskeli hakuna anayekukagua.

Isipokuwa mbung'o, yule nzi anayeambukiza malale. Mbung'o hufuata kitu kinachokwenda. Ukikimbia, naye anakimbia. Mwisho wa pori kulikuwa na kizuizi, gogo lililolazwa barabarani, na mlinzi mwenye wavu mdogo wa mkononi ambaye kazi yake ilikuwa kuwanasa mbung'o waliong'ang'ania magari, baiskeli na watu, wasivuke kuingia upande wa mjini.

"Fundi," alikuwa akinitania, akipitisha wavu mgongoni kwangu, "leo umenipakilia abiria wangapi?"

"Wengi, na hakuna aliyelipa nauli."

"Ni hilo koti lako la bluu. Wanalipenda kuliko ng'ombe."

Nilicheka, na koti sikulivua. Nililishona mwenyewe na kola yake ilikaa shingoni kama imechorwa. Hata nilipotokwa na uvimbe shingoni, mwekundu, wenye joto, niliilaumu ile kola. Usiku nilikaa nikaifumua na kuishona upya, nikijiambia kwamba imenikwaruza.

Homa zilianza mvua zikielekea kuisha. Zahanati walinipa vidonge vya malaria, na mimi nilishukuru, kwa sababu malaria ni ugonjwa wa kila mtu. Halafu ukaja usingizi. Haukuja kama uchovu. Ulikuja kama mtu anayekufunika shuka kichwani mchana kweupe. Nilikuwa nikikanyaga cherehani, mguu unaendelea wenyewe, kitambaa kinakwenda, na nikizinduka mshono umeshapotea njia. Siku moja Bwana Salumu aliinua suruali niliyomaliza, akaitazama mbele na nyuma.

"Fundi, mteja wako huyu ana miguu mingapi?"

Watu wa barazani wakaangua kicheko. Mimi nilikwenda nyuma ya duka nikalia. Suruali nzima nilikuwa nimeishona kwa kuunganisha mguu mmoja na mfuko.

Nyumbani nilikuwa nimebadilika zaidi. Nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia. Mke wangu, Skolastika, ni mtu wa maneno machache na kicheko kingi, na mimi nilianza kukizima kicheko hicho. Nilimfokea kwa sababu ya chumvi. Nilimfokea kwa sababu mlango umelia. Siku moja nilirusha bakuli la maharage ukutani, kisha nikakaa chini nikilia na kumuomba asiende kwao. Akafuta ukuta taratibu. "Siendi," alisema. "Lakini aliyerusha bakuli simjui. Wewe nakujua." Jambo lililomwogopesha kuliko yote aliniambia baadaye: alinikuta nimelala nikiwa nimeketi, tonge la ugali mdomoni, halijatafunwa.

Sasa nieleze siku yenyewe. Kwetu Uha salamu si kitu cha kutupa mkiwa mnapita. Unaposalimu mkubwa unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu huku ukisema *mwakeye*, naye anapiga makofi kukujibu, mnaulizana habari za nyumbani, na makofi yanaendelea mpaka habari ziishe. Mtu wa baiskeli hushuka. Hata kama uko kwenye mteremko na breki ni mbovu, unashuka. Na kama aliye mbele yako ni baba mkwe, unashuka ukiwa bado mbali, unakwenda kwa miguu ukikokota baiskeli yako, kofia mkononi.

Baba mkwe wangu, Mzee Buhinja, alikuwa amesimama kando ya barabara na wazee wenzake wawili. Aliniona nikija kutoka kazini. Alipoona nimekaribia, akaanza yeye, kwa mapenzi tu, kuinua mikono ya kupokea salamu. Nikampita. Macho yangu yalikuwa wazi, walisema. Gurudumu lilikaribia kumkanyaga kidole. Mikono yake ikabaki hewani, mbele ya wenzake, na hapakuwa na wa kuijibu.

Mimi sikumbuki. Nakumbuka nilipoingia pori na nakumbuka nilipojikuta mtaroni karibu na kwangu, baiskeli juu yangu, gurudumu likizunguka.

Kesho yake shemeji yangu alikuja kumchukua Skolastika. Hakugomba. Alisema tu, "Baba anasema binti yake hakuolewa na mtu asiyemwona." Skolastika alifunga nguo zake kwenye mfuko wa kitambaa niliomshonea mimi. Akaondoka akigeuka geuka.

Mama yangu alipika pombe ya ndizi, kama desturi inavyotaka, tukaenda kuomba radhi. Ua wa Mzee Buhinja ulikuwa umejaa ukoo. Nilikuwa nimeyakariri maneno yangu njia nzima, nikiyapanga na kuyapangua, neno gani litangulie, nipige magoti kabla au baada. Nikapiga magoti. Nikapiga makofi. Nikaanza, "Baba, mimi mwanao nimekosa..."

Nikalala.

Nililala pale pale, nikiwa nimepiga magoti, mikono imekutana, katikati ya sentensi. Mama anasema paji la uso wangu lilishuka polepole mpaka likagusa mguu wa Mzee Buhinja. Niliamshwa na kelele. Mjomba mmoja alikuwa akisema, "Amekuja kututukana mpaka nyumbani!" Mwingine akasema nimelewa. Mzee Buhinja alikuwa amesimama kwa hasira. Nilijaribu kusema na ulimi ukawa mzito kama kitambaa kilicholowa.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima haonani nami uso kwa uso.

"Niulizeni na mimi," alisema nyuma ya mlango. "Mlevi naye ana aibu yake. Mlevi huomba radhi akalia, akaimba, akatapika. Mmeona wapi mtu akaomba radhi akalala? Huyo hana dharau. Huyo ana malale. Yalimuua dada yangu, alianza hivyo hivyo, na sisi tukampiga tukidhani ni mvivu."

Mzee Buhinja alinitazama kwa muda mrefu. Hasira yake haikuwa imeisha. Haikujua tu iende wapi.

"Kama ni ugonjwa, akatibiwe," alisema mwishoni. "Skolastika atakaa hapa. Akirudi akiwa macho, aje amchukue. Akirudi hivi hivi, asije."

Hilo ndilo neno nililokwenda nalo hospitali.

Wodi ya malale ilikuwa kule upande wa Kasulu. Tulipanda basi, mama amebeba sufuria na mkeka, kwa sababu mgonjwa bila mpishi hali. Kusubiri kulikuwa kwenye benchi refu lililong'arishwa na makalio ya watu waliotutangulia. Wewe utakayekwenda: mchukue mtu wa kukaa upande wako wa kulia na mwingine upande wa kushoto, ukiweza. Mimi nilikuwa na mama upande mmoja tu, na upande wa pili nilianguka mara mbili.

Kwanza walitaka kutoa maji ya mgongo. Mama alisikia kwa akina mama wa jikoni kwamba mwanamume akitolewa maji hayo hatapata tena watoto, akaja kunishika mkono. "Twende nyumbani, mwanangu. Watakukausha." Nami, ingawa naona haya kusema ukweli wote, niliogopa hilo kuliko kufa. Muuguzi wa wodi, mama mmoja mnene aliyeitwa Agnesi, alimkalisha mama chini.

"Mama, yule mrefu pale mlangoni alitolewa maji mwaka juzi, alipougua homa ya uti wa mgongo. Sasa amemleta mkewe kujifungua. Muulize amekauka wapi."

Basi nililala ubavu nikajikunja kama jongoo aliyeguswa, wakanichoma mgongoni. Iliuma, ikapita.

Sindano za kwanza zilikuwa za kawaida. Zile za baadaye sitazipamba. Dawa inaingia kwenye mshipa kama pilipili iliyochemshwa, unaifuata kwa akili ikipanda mkono, begani, kifuani, mpaka mdomoni unapata ladha yake. Bomba lake lilikuwa la kioo. Na hutakiwi kutikisika hata kidogo, maana ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Nitakuambia nilichofanya, labda kitakusaidia. Nilishona shati kichwani. Nilianza na kola, nikaipindua, nikaipiga pasi, nikaweka mikono, nikatoboa matundu ya vifungo. Agnesi alipochomoa sindano nilikuwa nimefika kwenye pindo. Chagua kazi yako unayoijua vizuri, ifanye polepole, usiruke hatua. Aliye mkulima na apande safu zake.

Dawa ilitolewa kwa duru: siku chache za sindano, kisha mapumziko ya wiki nzima au zaidi, kisha tena. Wakati wa mapumziko nilikaa nje kwenye jua la kiangazi nikitazama moshi wa mapori yanayochomwa. Mwili ulikuwa wa mtu mwingine. Uso ulivimba, miguu ilikufa ganzi, na mikono yangu, mikono iliyokuwa ikitunga uzi kwenye sindano gizani, ilitetemeka hata kushika kikombe.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mathayo, mrina asali. Alikuwa mzee kidogo kuliko mimi, na alipenda kunichokoza.

"Fundi, mkeo mzuri?"

"Mzuri."

"Basi amka umtetee, maana ukilala nitamuoa mimi."

Kila sindano ilipomfikia alisema, "Nyuki wa pori zima nimewavumilia, nishindwe na huyu mmoja wa kioo?" Wodi nzima ilicheka, na waliokuwa wakisubiri zamu yao walicheka zaidi.

Duru ya pili ilimshinda. Alianza kusema maneno yasiyoungana, akapata degedege, wakamhamisha chumba cha pembeni, na asubuhi Agnesi akaja kulikunja godoro. Aliweka mkono juu ya kichwa changu alipopita, akaenda.

Siku ile nilitaka kutoroka. Kumbe dawa yenyewe inaweza kuua, na hakuna aliyenificha hilo. Mimi ndiye sikutaka kulisikia. Nilivaa shati langu, nikajipanga kwenye benchi la nje nikisubiri basi. Mama alikaa kando yangu bila kunizuia, ila alikuwa hajabeba sufuria.

"Na sufuria?" nikamuuliza.

"Sufuria inabaki. Nitarudi nayo pale nitakaporudi na mtu aliyepona."

Basi likafika. Kondakta alinifahamu, alikuwa akipita Kibondo kila safari. Akashuka na kifurushi kidogo. Karanga za kukaanga, bado zina chumvi nyeupe kwenye maganda. "Mkeo kaniambia nikupe mkononi," alisema. "Na kaniambia nikuambie: uzitafune mwenyewe."

Sikuweza kupanda. Nilikaa pale nikitafuna karanga moja moja, machozi yakianguka kwenye shati, na basi likaondoka na vumbi lake. Kesho yake nililala kitandani nikampa Agnesi mkono, nikaanza na kola.

Duru ya tatu ilimalizika kiangazi kikiwa kinaungua. Ilikuwa asubuhi ya kawaida nilipojua kwamba ninapona: nilisikia majogoo, nikasikia wapishi wakigombania kuni, jua likapanda hadi utosini, na mimi nilikuwa bado nimo ndani ya mchana ule, sijakosa kipande. Nilimwamsha mama aliyekuwa amejinyoosha kivulini nimwambie. Akasema, "Sasa unaniamsha ili uniambie hujalala?" Tukacheka mpaka tukashikana.

Nilirudi nyumbani mvua za kwanza zikinyesha, nikapewa maagizo ya kurudi kupimwa tena na tena, na mpaka leo narudi. Usiache kurudi. Nilipata nguvu kidogo, nikaenda kwa Mzee Buhinja kwa miguu, nikasalimu, makofi yangu yakamaliza habari zote mpaka za kuku. Akajibu kila moja.

"Nimerudi niko macho, baba," nikasema.

"Nakuona. Lakini kukaa macho kwenye kigoda hata mimi naweza. Wewe ulilala barabarani. Nitakuamini barabarani."

"Utanionaje barabarani, baba?"

"Nitapanda."

Watu wa ua ule walidhani anatania. Mzee Buhinja hakuwa amewahi kupanda baiskeli maishani mwake. Na kwetu mkwe na baba mkwe hawagusani; hata kigoda alichokalia sikikalii. Lakini siku ya mimi kurudi kazini alikuwa barabarani kabla ya jua, amevaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye keria miguu imening'inia kama ya mtoto, akakosa pa kushika, akashika hewa, halafu baiskeli ilipoyumba akanikumbatia kiuno kwa nguvu zake zote.

"Unalala?" aliuliza kabla hatujafika hata kwenye mti wa kwanza.

"Silali, baba."

"Sema kitu basi, nisikie."

"Niseme nini?"

"Chochote. Mtu aliyelala hana la kusema."

Nikamweleza mfuko wa suruali. Namna unavyokatwa, namna ulivyo na mdomo na tumbo, kwa nini mfuko wa nyuma hutangulia wa mbele. Nilisema pori zima. Kwenye mlima nilihema, tukashuka, akasukuma baiskeli kutoka nyuma, akasema, "Endelea, mfuko wa nyuma ulikuwa haujaisha." Bwana Salumu alipotuona tunaingia mjini alitoka dukani na wateja wake kututazama. Nilishona kidogo siku ile, mikono bado ilikuwa inatikisika, na nilifumua nilichoshona. Mzee alikaa barazani siku nzima akinitazama, bila kupepesa, kama mtu anayechunga mbuzi karibu na shamba la jirani.

Jioni tukarudi. Mvua ilikuwa imenyesha ikaacha, barabara laini, hewa ya pori imepoa. Nilimweleza kola. Nikamweleza matundu ya vifungo. Nilipomaliza, hakuuliza kitu. Nikasubiri aseme "Unalala?" Hakusema.

Halafu nikahisi kichwa chake mgongoni kwangu. Kilikuja taratibu, kikatua, kikawa kizito. Mikono yake kiunoni ikalegea.

Niliogopa ataanguka. Nikaachia usukani kwa mkono wa kushoto, nikaikusanya mikono yake yote miwili juu ya tumbo langu, nikaishika. Ilikuwa migumu, mikavu, ya moto. Sikujua kama kuna fidia ya kumshika baba mkwe mikono, na pombe kiasi gani. Nilinyonga polepole, nikikwepa kila jiwe na kila mzizi, kwa mkono mmoja, macho kwenye barabara, hadi mwisho wa pori, mpaka nyumba zikaonekana.

Skolastika alikuwa amesimama kando ya njia. Aliona baiskeli, akaniona mimi, akaona kichwa cha baba yake. Akaziba mdomo.

"Baba kalala?"

"Shhh," nikasema. "Usimwamshe."

Akasimama pale mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia. Kisha akageuka, akainua khanga yake kidogo isiguse matope, akakimbia nyumbani kwao kuuchukua mfuko wake wa nguo kabla mzee hajafumbua macho.